Nyinyoro: usinitumie picha ya uso peke yake

Masika yakishika tu, simu yangu hujaa maua. "Shikamoo mama, hili linaitwaje?" "Dada, unalo hili kitaluni? Shilingi ngapi?" Na picha huwa ni ya aina moja: ua limepigwa kutoka mbele, limejaa kioo kizima, jani halionekani, bua halionekani, wala hujui limeota ardhini, kwenye ndoo au bwawani. Wengine wameshalichuma kabisa, wamelishika mbele ya dirisha la gari. Mimi kuandika kunanichosha, kwa hiyo najibu kwa sauti: geuza ua, nipigie nyuma. Kisha nipigie jani, kuanzia linapochomoza mpaka nchani. Na kama kuna tunda, hata lililokauka, usilitupe, nalitaka hilo kuliko ua lenyewe.

Kitalu changu kiko Tanga, upande wa barabara ya Pangani. Katika biashara hii hakuna mmea unaoniletea ubishi kama nyinyoro. Mtu akitaka asumini anaijua, akitaka waridi analijua. Lakini kwa wateja wangu wengi, chochote chenye kitunguu chini na ua la kuringa juu ni nyinyoro, na ukimpa isiyo yenyewe anarudi baada ya msimu mmoja na uso uliokunjamana. Siwalaumu. Wataalamu wenyewe kwa muda mrefu walikuwa wakirundika mimea ya namna hii katika ukoo mmoja, Liliaceae, mpaka vinasaba vilipoanza kulinganishwa miaka ya 1990 na mimea mingi ikahamishiwa koo nyingine. Nyinyoro halisi, Lilium, ni mmea wa kaskazini mwa dunia. Katika mapori yetu huikuti. Tulizo nazo sisi ni za koo nyingine, na nyingi ni nzuri kuliko hiyo, ukiniuliza mimi.

Sasa kwa nini nataka nyuma ya ua. Chukua amarilisi, ile nyekundu ya tarumbeta ambayo kila nyumba ya kizamani mjini hapa inayo kwenye kopo la rangi. Igeuze. Pale petali zinapokutana na kikonyo kuna kinundu cha kijani. Hiyo ni ovari, ndilo tunda la baadaye. Kinundu kikiwa nje, chini ya petali, basi uko kwenye ukoo wa amarilisi, na humo zimo krinamu, nyinyoro buibui, mpira wa moto, na zile ndogo za waridi zinazochomoza ghafla baada ya mvua kunyesha. Ukigeuza usione kinundu, petali zinaanzia kwenye kikonyo moja kwa moja na kinundu kimekaa ndani, katikati ya ua, basi uko kwa gloriosa au kwa nyinyoro halisi ya duka la maua. Mtu akishajua hilo, nusu ya ubishi imekwisha. Na hilo huwezi kuliona kwenye picha ya mbele hata ukiwa na simu ya milioni tatu.

Amarilisi ina alama nyingine ninayoipenda kwa sababu haihitaji elimu yoyote: kata bua la ua kwa wembe. Ni tupu ndani, bomba. Bua la krinamu limejaa. Halafu subiri tunda. La amarilisi ni kavu, lina pembe tatu za mviringo, likipasuka linamwaga mbegu nyeusi, bapa, nyepesi, ambazo ukipuliza zinaruka. La krinamu halifanani nalo hata kidogo, nitalifikia.

Ugomvi mkubwa zaidi hapa pwani ni wa zile nyeupe mbili. Nenda hoteli yoyote ya ufukweni, kuanzia Mombasa mpaka Mtwara, utakuta pembeni mwa njia kuna vichaka vya majani marefu ya kijani na maua meupe yenye petali nyembamba zilizotawanyika. Watu wanasema ni kitu kimoja. Ni viwili. Kimoja ni krinamu kubwa, Crinum asiaticum, asili yake ni fukwe za Asia. Kingine ni Hymenocallis littoralis, ambayo mimi naiita nyinyoro buibui, na yenyewe imetoka Amerika ya Kati na Kusini. Zimekutana huku kwetu tu, kwa kupandwa.

Ukiwa na ua mkononi, jibu ni la papo hapo. Nyinyoro buibui ina kikombe. Katikati ya ua kuna utando mweupe, mwororo, umezunguka, na stameni, vile vijiti vyenye chavua, zimeota kwenye ukingo wa utando huo. Ukitia tone la maji linakaa. Krinamu haina kikombe: stameni zake sita zimesimama kila moja peke yake, na mara nyingi zina wekundu wa zambarau kuelekea juu. Basi.

Lakini maua hayapo mwaka mzima, na mteja hununua kile anachokiona kwenye kiriba. Hapo ndipo jani linapohitajika. Jani la krinamu iliyokomaa ni pana kama kiganja cha mwanamume, linaweza kupita mita moja, na majani yote yanazunguka shina nene la uongo lililojengwa na sehemu za chini za majani ya zamani. Jani la nyinyoro buibui ni jembamba zaidi, na majani yake yamejipanga pande mbili. Kwa miche midogo, ambapo upana hauaminiki, mimi hulikunja jani mpaka livunjike, kisha navuta vile vipande viwili polepole sana, nikiwa nimekaa dhidi ya mwanga. Kwa krinamu, kati ya vipande hutokea nyuzi, nyeupe, nyembamba mno, nyingi, zinanyooka na kung'aa bila kukatika haraka. Unaweza kukining'iniza kipande cha chini kikabembea kwa muda. Kwa nyinyoro buibui vipande vinaachana tu, utomvu unabaki kwenye vidole. Nimewaonyesha wateja jaribio hili pale mezani na wengine wanaliona ni mazingaombwe. (Nawa mikono yako baada ya hapo. Utomvu wa ukoo huu unawasha.)

Kuna mama mmoja alijenga nyumba karibu na bahari, akamlipa fundi bustani ampandie krinamu za kutenganisha uwanja na njia ya gari. Alitaka ukuta wa majani. Alipandiwa nyinyoro buibui, kwa bei ya krinamu, na alipokuja kwangu baada ya muda alikuwa anauliza mbolea gani itazikuza zifike kiunoni. Hakuna mbolea ya namna hiyo. Nilimvunjia jani mbele yake, halafu tukaenda kuvunja la krinamu yangu iliyo karibu na tangi, akaona mwenyewe. Zile alizokuwa nazo ni nzuri, zinavumilia chumvi na jua, zinafaa kabisa ukingoni mwa njia; kosa ni kuuziwa jina lisilo lake. Na upande wa pili pia kuna hasara: nimeona watu wamepanda krinamu sentimita thelathini kutoka kwenye njia ya saruji. Kitunguu kile kikikua, saruji ndiyo inayohama.

Tunda la krinamu ndilo linalonifurahisha zaidi katika mimea yote hii. Maua yakishanyauka, watu hukata bua kwa kuona limechakaa. Acha. Vile vinundu vya kijani vinavimba, vinakuwa vizito, bua linalemewa na kulala chini, na hivyo ndivyo mmea unavyopeleka watoto wake hatua moja mbali na mama. Ndani hamna mbegu ndogo nyeusi. Kuna madonge machache ya kijani, yenye nyama, mengine makubwa kuliko limau dogo, hayana ganda gumu hata kidogo, na hayasubiri udongo. Weka moja juu ya meza, kavu, bila maji. Litatoa mzizi lenyewe, likitumia maji yaliyomo ndani yake. Yakianguka kwenye maji yanaelea, ndiyo maana krinamu hii inaweza kusafiri baharini na kuota ufukwe mwingine. Ninachowaomba wateja ni wasiyahifadhi kwenye bahasha mpaka msimu ujao, maana mbegu hizi hazijui kungoja. Zikiiva, zilaze juu ya mchanga wenye samadi kidogo, zisizikwe, basi.

Hapa kwetu tuna krinamu za asili pia. Mojawapo, Crinum stuhlmannii, imepewa jina la Franz Stuhlmann, yule Mjerumani wa kituo cha utafiti cha Amani kilichoanzishwa mwaka 1902 juu kule Usambara Mashariki. Ua lake si la kutawanyika. Ni tarumbeta pana, nyeupe, na kila petali ina mstari wa waridi katikati. Yule asiyegeuza ua huiita amarilisi. Bua limejaa, jani likivunjwa lina nyuzi, tunda ni lile la madonge. Sasa umeshajua.

Na kama bado una shaka, muulize kiwavi. Kuna kiwavi mweusi mwenye mistari na madoa meupe ya kuelekea njano, Brithys crini kwa jina la kitaalamu, ambaye ni balaa la kitalu changu. Wakiwa wadogo wanaingia katikati ya jani, wanakula nyama yake kutoka ndani na kuacha ngozi mbili tupu, kisha wanashuka kwenye kitunguu. Anakula krinamu na jamaa zake wa ukoo wa amarilisi. Mimi nawaokota kwa mkono asubuhi na mapema, na nikimkuta kwenye mche ambao sikuwa na hakika nao, nakasirika na kushukuru kwa pamoja.

Mpira wa moto, Scadoxus multiflorus, hauhitaji maelezo ukiwa na ua. Bua moja, juu yake tufe jekundu la maua madogo, yanaweza kufika mia mbili, stameni zimechomoza kila upande na ncha za njano. Unatoka na mvua za kwanza, mara nyingi kabla majani hayajakunjuka, unakaa wiki moja au mbili, unakwisha. Tatizo ni miezi inayobaki. Jani lake halifanani na la nyinyoro nyingine: lina mshipa wa katikati ulio dhahiri, lina kingo zenye mawimbi, na limebanwa chini kuwa kikonyo, si utepe mrefu. Majani yanafungamana kuwa shina la uongo, na ukichutama ukaangalia pale chini karibu na udongo, utaona madoa ya zambarau iliyokolea. Yatazameni hayo madoa. Kiangazi yote yanatoweka, na hapo ndipo watu wanapodhani mmea umekufa wanamwaga kiriba chenye kitunguu kizima kabisa. Tunda lake ni beri laini, jekundu likiiva, na zikiwa nyingi kwenye bua mtu anaweza kudhani ni ua jingine. Watoto wanazitamani. Zisiliwe: mmea huu umetumika Afrika katika sumu ya mishale na ya kuvulia samaki.

Nikija kwa gloriosa, naomba mtu asisome haraka.

Linnaeus aliipa jina mwaka 1753, Gloriosa superba, na kwa jina hilo hakukosea. Ni ua la taifa la Zimbabwe. Huku kwetu linapanda juu ya minyaa na vichaka vya pwani, hata kwenye mchanga karibu na bahari, na hakuna aliyelipanda. Petali sita zimepinda kurudi nyuma mpaka zinaelekea juu, kingo zake zina mawimbi, wakati stameni zimetandazwa chini kila upande. Kile kijiti kinachotoka kwenye ovari nacho hakinyooki. Kinapinda pale pale chini na kwenda ubavuni. Ukiona kijiti kimelala namna hiyo huna haja ya kuuliza mtu. Rangi ndiyo inayowapotosha watu: ua linaanza likiwa kijani, linakuwa njano lenye wekundu nchani, linaishia jekundu zima. Mmea mmoja unaweza kuwa na yote hayo siku moja, na kila mwaka kuna mtu anataka nimuuzie "ile ya njano, siyo ile nyekundu".

Jani lake halihitaji ua. Ni refu, jembamba, mishipa inakwenda sambamba, na ncha imerefuka ikawa uzi unaojisokota na kushika chochote kilicho karibu. Nina tawi moja hapa mezani ninapoandika. Ncha ya jani la tatu imezunguka kikonyo cha jani la jirani yake mara mbili na imekaza kiasi kwamba nikivuta, jani linachanika kabla ncha haijaachia. Shina lenyewe halijizungushi kwenye mti. Majani ndiyo yanayofanya kazi ya mikono.

Jambo hili si la urembo tu. Chini ya ardhi gloriosa ina kiazi chenye matawi mawili, kimepinda kama herufi V, cheupe ndani, na mtu anayechimba viazi vikuu porini anaweza kukichukua. Kina sumu iitwayo kolkisini. Dawa inayotumika hospitali kwa ugonjwa wa jongo ni hiyohiyo, lakini kwa vipimo vidogo mno. Mtu aliyekula kiazi hiki huanza kutapika na kuharisha baada ya saa chache, kisha viungo vya ndani vinaharibika, na wako waliokufa. Waliopona, wengine nywele zao zilinyonyoka wiki moja au mbili baadaye. Kupika hakukuokoi.

Kwa hiyo kabla ya kuchimba, angalia juu. Kiazi kikuu kina jani la umbo la moyo, mishipa yake imesukwa wavu, na shina lenyewe ndilo linalojizungusha mtini. Gloriosa ina jani jembamba lenye ncha ya kushika. Mvua zikikata majani yote hunyauka, na hapo tafuta tunda: ganda refu la kidole hivi, likikauka linafunguka sehemu tatu, na ndani mbegu nyekundu za mviringo zimebaki zimeshikilia kwenye kingo. Zinaonekana kwa mbali. Ukiziona kwenye kamba kavu juu ya kichaka, kiazi kilicho chini yake kiache hapo. Mama yangu, aliyelima Muheza maisha yake yote, hakujua kolkisini ni nini, lakini alikuwa akikata shina la ua hilo shambani na kufunga kitambaa mahali pale ili asisahau asichimbe. Mimi nauza miche ya gloriosa, lakini simuuzii mtu mwenye watoto wanaotambaa, na kijana wangu wa kazi ana amri ya kuosha jembe.

Mayungiyungi ya bwawani nayapitia haraka, maana wateja wake ni wachache. Kama majani yanaelea na yana mpasuko mmoja mpaka kwenye kikonyo, ni yungiyungi. Ukingo wa jani ukiwa na meno makali, ni lile jeupe, Nymphaea lotus, linalofunguka jioni na kufunga asubuhi jua likipanda. Ukingo ukiwa laini au wenye mawimbi madogo, na ua la buluu limefunguka mchana, ni jingine. Usitafute tunda juu: ua likishamaliza kazi huzama, na tunda huivia chini ya maji. Jani la mviringo lisilo na mpasuko, limesimama juu ya maji na kukataa kulowa, si yungiyungi bali ni lotasi, na hilo nina moja tu, haliuzwi.

Na ile nyinyoro halisi, nyeupe ya harusi na ya kanisani wakati wa Pasaka, utaijua kwa jani bila shida. Majani yake yamepanda shina lote kutoka chini mpaka karibu na ua, wakati ndugu wa amarilisi wote wana majani chini na bua tupu. Kitunguu chake hakina ganda la nje. Ni magamba matupu. Joto la Tanga hailipendi, Lushoto inapata nafuu. Mwenye paka asiiweke ndani: hata chavua yake, paka akijiramba, inatosha kumuua figo.

Nina mche mmoja umeletwa juzi kutoka upande wa Mkomazi, dereva wa lori aliuona barabarani akaniletea kitunguu kikubwa, kizito, chenye udongo mwekundu. Hauna ua wala tunda. Majani yamelala chini kabisa, yamejigawa pande mbili, yamepinda kama mundu, na ncha zake zimekatika wima kana kwamba mtu alipita na mkasi. Mimi sikuzikata. Ni jani la mwaka jana lililokauka juu na kuendelea kukua kutoka chini. Nimelivunja moja: nyuzi zipo, nyingi. Krinamu haijigawi pande mbili chini namna hii. Kwangu hiyo ni Ammocharis tinneana, na ua litakuwa la waridi, lenye harufu, na bomba refu nyuma. Wawili wameshaniambia ni krinamu iliyokanyagwa na ng'ombe. Vuli ikinyesha tutaona. Bei bado, msinipigie.